Soda za "zero", sakarini ya barafu na vidonge vya utamu: ni salama? Tuhesabu kwa miligramu

#1 Mpima_Lebo (mleta uzi)

Wadau, ukiuliza "sukari mbadala ni salama?" hupati jibu la maana, maana umefungia kuku, bata na kanga kwenye tenga moja. Aspatemu, sakarini, siklameti, asesulfamu-K, sukralosi na stevia hazina undugu wa kikemia. Aspatemu huvunjwa kwenye utumbo mwembamba na haifiki kwenye damu ikiwa nzima. Sakarini hufyonzwa, ikazunguka, ikatoka kwenye mkojo vilevile ilivyoingia. Sukralosi takriban 85% hupita moja kwa moja hadi chooni. Kwa hiyo habari mbaya ya mmoja si habari mbaya ya mwenzake, na habari njema hali kadhalika.

Swali linalojibika ni hili: ipi, miligramu ngapi kwa siku, kwa mtu wa kilo ngapi?

Kamati ya pamoja ya FAO na WHO inayoshughulikia viungio vya chakula, JECFA, huweka kiwango kinachokubalika kwa siku. Ni kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku ya maisha yake bila madhara kutarajiwa. Kinapatikanaje? Wanyama hupewa dozi zinazopanda hadi ijulikane dozi kubwa kabisa ambayo bado haijaleta dhara, kisha hiyo inagawanywa kwa 100. Kwa aspatemu dozi hiyo ilikuwa 4,000 mg kwa kila kilo ya uzito. Gawa kwa 100, unapata 40.

Viwango vya JECFA, kwa miligramu kwa kilo ya uzito wa mwili kwa siku (namba ya E ndiyo utakayoikuta kwenye lebo):

Aspatemu (E951): 40
Sukralosi (E955): 15
Asesulfamu-K (E950): 15
Siklameti (E952): 11
Sakarini (E954): 5
Stevia (E960): 4, ikihesabiwa kama stevioli (kiini kinachobaki stevia ikivunjwa)

Nchi hazikubaliani kwa kila kitu. Marekani wanaruhusu 50 kwa aspatemu lakini 5 tu kwa sukralosi, na siklameti waliipiga marufuku tangu 1969. Ulaya siklameti ni 7, na mwaka 2024 walipandisha sakarini kutoka 5 hadi 9. Ukitaka kulala usingizi, hesabu kwa namba ndogo.

Mfano: mtu wa kilo 70, aspatemu. 70 × 40 = 2,800 mg. Kopo la soda ya zero lenye 200 hadi 300 mg maana yake ni makopo 9 hadi 14 kwa siku, kila siku, na asile aspatemu kwingine kokote. Mtoto wa kilo 15: 600 mg, yaani makopo 2 hadi 3. Mnaona hesabu inavyobadilika haraka mtu akiwa mdogo.

Sasa itazameni tena namba ya sakarini. Ndiyo ndogo kuliko zote kwenye viongeza utamu vya maabara vya orodha hii, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote mtaani. Hapo ndipo pa kuhangaikia, si kwenye kopo la kiwandani.

#2 KijanaWaPwani

Mkuu umeanza vizuri, ila umeruka jambo ambalo kila mtu analijua: 2023 WHO si ndio waliosema aspatemu inaleta saratani? Hizi kopo 9 hadi 14 zinatoka wapi tena?

#3 KipimoNdichoSumu

@KijanaWaPwani Julai 2023 zilitoka taarifa mbili kwa pamoja, na vyombo vya habari vingi vikabeba moja.

Ya kwanza ni ya IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO. Liliiweka aspatemu kundi la 2B, "huenda inasababisha saratani kwa binadamu", kwa ushahidi finyu uliohusu saratani ya ini. Kazi ya IARC ni kuuliza: je, kitu hiki kinaweza kabisa kusababisha saratani, kwa kiasi chochote? Hawaulizi kiasi gani. Kwenye kundi hilohilo la 2B wapo dondoo la jani zima la aloe vera na mboga za achari za kienyeji za Asia.

Ya pili ni ya JECFA, ambao kazi yao ndiyo kuuliza kiasi gani. Walipitia ushahidi uleule wakabakiza 40 mg. Hesabu ya kopo 9 hadi 14 imo kwenye taarifa yao ya siku hiyo.

Kwa kulinganisha: kundi la 1, yaani vile ambavyo ushahidi wake umetosha, lina pombe, tumbaku, nyama za kusindikwa kama soseji, na sumukuvu ya aflatoksini inayoota kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2004 Kenya, Makueni, Kitui na jirani zake, aflatoksini iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 walioripotiwa. Mtu anayemwaga soda ya zero kwa hofu ya 2B halafu anakula karanga zenye ukungu kwa kuwa "ameshazilipia" amepanga hofu zake kichwa chini miguu juu.

#4 KijanaWaPwani

Sawa. Na ile ya kwamba aspatemu inageuka methanoli, spiriti ya kupofusha macho? Hiyo nayo uzushi?

#5 Mkemia_Morogoro

Si uzushi, ni kweli isiyo na kipimo. Aspatemu ikivunjwa hutoa vitu vitatu: fenilalanini karibu nusu ya uzito, asidi ya aspatiki karibu 40%, na methanoli karibu 10%.

Chukua kinywaji chenye kiwango cha juu kinachoruhusiwa Ulaya, 600 mg kwa lita. Lita nzima inatoa 60 mg za methanoli. Juisi za matunda, na ya nyanya hasa, nazo hutoa methanoli kwa sababu ya pektini, na mara nyingi huzidi hiyo. Methanoli inayopofusha watu kwenye gongo au chang'aa iliyochakachuliwa huanzia mililita 10 hivi, yaani gramu 8, ambazo ni 8,000 mg. Zigawe kwa 60 mwenyewe.

Sehemu ya kuogopwa ni fenilalanini, na ni kwa watu wachache tu: waliozaliwa na ugonjwa wa PKU, ambao mwili wao hauwezi kuivunja, ikajilimbikiza na kuharibu ubongo wa mtoto. Ndiyo maana kila kopo na kila pakiti yenye aspatemu lazima itaje fenilalanini. Kwa hao, kiwango cha 40 mg hakiwahusu. Waache kabisa.

#6 Mama_Lishe254

Mimi naona mnaikingia kifua sana hii kitu. Wacheni nilete upande wa pili.

Ufaransa kuna utafiti wa NutriNet-Santé, watu 102,865 wakifuatiliwa kwa miaka. Matokeo yalichapishwa 2022: waliotumia viongeza utamu kwa wingi walikuwa na hatari ya saratani kubwa kwa 13% hivi kuliko wasiotumia. Mwaka huohuo kundi hilohilo la watafiti likatoa matokeo ya moyo na kiharusi, nayo hayakuwa mazuri. Halafu Israeli, 2022, watu wazima 120 wasio na ugonjwa walipewa viongeza utamu kwa wiki mbili chini ya kiwango kinachokubalika. Kwa waliopewa sakarini na sukralosi, uwezo wa mwili kushusha sukari ulilegea, na bakteria wa utumbo wakabadilika.

Na Mei 2023 WHO wenyewe walishauri watu wasitumie viongeza utamu kama njia ya kupunguza uzito. Hiyo nayo vyombo vya habari vimeikuza?

#7 KipimoNdichoSumu

Dada umeleta hoja nzito, tuichambue moja moja.

Huo wa Ufaransa ni wa kufuatilia watu wanavyoishi, si jaribio. Nani hunywa soda ya zero kwa wingi? Aliyenenepa, aliyeambiwa sukari yake imepanda, mwenye kisukari ukooni. Hatari ilitangulia, soda ikafuata. Watafiti hurekebisha kwa hesabu, lakini marekebisho hayawezi kufuta yote. Na 13% hiyo ni nyongeza juu ya hatari ya msingi: kama watu 100 kati ya 1,000 wangeugua, sasa ni 113, kama kweli soda ndiyo sababu.

Huo wa Israeli ni jaribio la kweli, na mimi nauheshimu. Ila hata humo wapo walioguswa na wasioguswa, na wiki mbili haziwezi kukuambia kama mtu atapata kisukari.

Ushauri wa WHO wa Mei 2023 wausome wote. Unasema kubadili sukari kwa viongeza utamu hakuleti faida ya uzito kwa muda mrefu. Wenyewe wameuita ushauri wenye masharti, na wametamka wazi kwamba hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Wala haugusi zile sukari-alkoholi kama zailitoli.

Kwa hiyo "si sumu kwa kiwango hiki" na "itakupunguza kitambi" ni madai mawili tofauti. La kwanza lina ushahidi wa kutosha. La pili halina.

#8 Mama_Lishe254

Hapo mwisho tumeelewana. Lakini kwa mtoto mimi bado nasema maji. Anayezoeshwa utamu wa mara 200 ya sukari utamwambia nini kuhusu ndizi mbivu?

#9 Mpima_Lebo (mleta uzi)

@Mama_Lishe254 hilo sibishani nalo.

Turudi kwenye sakarini kabla uzi haujapotea. Mwenye ujuzi wa juisi na barafu za mtaani atupe hesabu.

#10 Fundi_Juisi

Nimesubiri hapa. Wakuu, kaeni vizuri, hii ni ndefu.

Anayetengeneza juisi ya ukwaju au ubuyu lita 20 kwa sukari tupu anahitaji kama kilo 2, yaani gramu 100 kwa lita. Sakarini ni tamu mara 300 hadi 500 ya sukari. Tuchukue 400. Kilo 2 za sukari zinabadilishwa na gramu 5 tu za sakarini, na ukiweka bei za vyote viwili mezani utaelewa kwa nini mtu anashawishika.

Gramu 5 ndani ya lita 20 ni 250 mg kwa lita. Mtoto wa kilo 15, kiwango chake ni 15 × 5 = 75 mg kwa siku. Mililita 300 za juisi hiyo, kikombe kimoja kikubwa, zinambebesha 75 mg zote. Kikombe cha pili amezidisha. Kwa Ulaya, kinywaji baridi hakiruhusiwi kuzidi 80 mg za sakarini kwa lita. Hiyo juisi imezidisha mara tatu, na hapo mtengenezaji amepima sawasawa! Sasa njoo kwenye hali halisi, ambako kipimo ni ncha ya kijiko.

Yanayoharibika ni haya.

Mizani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haifai, kwa sababu ukitaka gramu 1.6 itakuonyesha 1 au 2. Inatakiwa inayosoma 0.01 g, kama ya sonara. Kijiko ndiyo kabisa usikiguse: kijiko cha chai cha sakarini ya unga laini na cha sakarini ya chenga havina uzito mmoja.

Aina. Kuna sakarini yenyewe, ambayo ni asidi na haiyeyuki vizuri (gramu 1 inataka maji karibu ml 290), na kuna sodiamu sakarini, inayoyeyuka papo hapo. Mtu akinunua ile ya kwanza akaitupia kwenye ndoo ya maji ya baridi, chenga zinatuama chini. Wateja wa asubuhi wanalalamika juisi haina utamu, anaongeza nyingine, na vikombe vya mwisho vinakuwa na dozi ya ajabu.

Daraja. Hili wengi hawalijui: sakarini inatumika pia viwandani kwenye kuchovya vyuma nikeli ili ving'ae. Hiyo haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Kama mfuko hauna maandishi kwamba ni ya chakula, hauna namba ya toleo, jina la mtengenezaji wala tarehe, usiununue hata ukipewa bure. Ile inayofunguliwa dukani na kupimwa kwenye vikaratasi ndiyo hiyohiyo isiyojulikana.

Uchungu. Sakarini ikizidi huacha uchungu wenye ladha ya chuma nyuma ya ulimi. Mtengenezaji akisikia uchungu anaongeza ndimu na rangi kuuficha, badala ya kupunguza sakarini.

Njia sahihi kwa mwenye nia ya kufanya biashara ya halali: pima gramu 10 za sodiamu sakarini ya chakula, yeyusha kwenye maji yaliyochemshwa, ongeza maji hadi lita 1 kamili. Sasa kila ml 1 ina 10 mg. Weka kwenye chupa yenye lebo kubwa, mbali na watoto. Kwa juisi ya lita 20 chukua ml 160 kwa sirinji kubwa au silinda ya kupimia, koroga dakika kadhaa. Hiyo ni 1,600 mg, sawa na 80 mg kwa lita. Kiasi hicho kinakupa utamu wa sukari kama gramu 640. Ongeza sukari halisi kilo 1, utafika utamu wa kilo 1.64, na uchungu hausikiki kwa sababu sukari inaufunika. Kwa mtoto wa kilo 15 kikombe cha ml 300 sasa ni 24 mg, theluthi moja ya kiwango chake.

Halafu uandike kwenye chupa kwamba ina sakarini, na bidhaa uipeleke TBS, au KEBS kwa wa Kenya, wapime. Kumuuzia mtu bila kumwambia ni kosa hata kama kipimo ni sahihi.

#11 Zuhura_Mjini

@Fundi_Juisi asante sana. Je, mzazi anatambuaje barafu au juisi iliyotiwa sakarini? Kuna wanaosema weka chini uone kama sisimizi watakuja.

#12 Fundi_Juisi

Dada Zuhura, sisimizi si maabara. Aina moja ya sisimizi hupenda sukari, nyingine hufuata mafuta, na kama juisi ina sukari kidogo pamoja na sakarini watakuja tu. Dalili zenye mantiki zaidi ni mbili.

Kunata: dondoshea tone kwenye sahani safi, liache likauke. Sukari ya gramu 100 kwa lita inaacha utando unaonata vidoleni. Sakarini tupu inaacha karibu hakuna kitu.

Ugumu wa barafu: sukari huzuia maji kuganda sawasawa, ndiyo maana barafu ya sukari huvunjika kirahisi mdomoni. Ile ya sakarini ni jiwe. Mtoto akiifyonza, rangi na utamu vinaisha mapema na mkononi kinabaki kipande cheupe cha maji.

Hivyo vinakuambia sukari ni ndogo. Kiasi cha sakarini hakijulikani bila maabara.

#13 KijanaWaPwani

Swali la kizushi: hiyo sakarini si ndiyo ilileta saratani ya kibofu kwa panya?

#14 Mkemia_Morogoro

Ndiyo, kwa panya, na hasa madume. Mwaka 1977 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitaka kuipiga marufuku. Bunge lao likazuia, badala yake pakiti zikawekewa onyo. Baadaye utaratibu ukaeleweka: kwa dozi kubwa sana ya sodiamu sakarini, mkojo wa panya dume, wenye protini nyingi na kalsiamu fosfeti nyingi, hutengeneza fuwele zinazokwaruza ukuta wa kibofu. Kibofu kinajijenga upya mfululizo, uvimbe unatokea. Mkojo wa binadamu hauna mazingira hayo. IARC waliishusha sakarini hadi kundi la 3 (haiwezi kuainishwa kuwa inasababisha saratani) mwaka 1999, na onyo likaondolewa 2000.

Siklameti ina hadithi nyingine: bakteria wa utumbo wa baadhi ya watu huigeuza kuwa sikloheksilamini, ambayo kwa dozi kubwa ilidhoofisha korodani za panya. Kiwango chake kimewekwa kwa kuangalia hilo. Mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na sakarini, sehemu 10 kwa 1, kwa hiyo ukiona E952 tafuta na E954 pembeni yake, uhesabu zote mbili.

#15 Famasia_Jirani

Niongeze kwa wenye kisukari, maana ndio wanunuzi wakubwa wa vidonge na pakiti.

Kidonge kidogo cha sakarini mara nyingi kina 12.5 mg hivi. Cha aspatemu, karibu 20 mg. Mtu wa kilo 60 anaweza kutumia vidonge 24 vya sakarini kwa siku kabla hajafika 300 mg zake, na chai ya namna hiyo hainyweki. Kwa hiyo vidonge si tatizo.

Pakiti za unga ndizo za kusoma nyuma. Pakiti ya gramu 1 ya sukralosi ina kama 12 mg za sukralosi, iliyobaki ni dekstrosi na maltodekstrini, yaani wanga, ili mkono uwe na kitu cha kumimina. Sheria za lebo za Marekani huruhusu kuandika sifuri chini ya kalori 5 kwa pakiti. Pakiti moja haina neno. Kumi kwa siku ni karibu gramu 9 za wanga ambazo mtu anaamini hajala.

Sasa jambo la kuokoa uhai. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), mgonjwa anatetemeka, jasho linamtoka, anachanganyikiwa, SODA YA ZERO HAIMSAIDII HATA KIDOGO. Anatakiwa gramu 15 za sukari halisi: soda ya kawaida ml 150, au sukari vijiko vya chai vitatu hadi vinne kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado iko chini rudia. Akiwa hawezi kumeza au amezimia, usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Nyumba yenye mtu wa insulini ambayo friji yake imejaa zero peke yake ina pengo.

Kingine: "bila sukari iliyoongezwa" kwenye juisi ya boksi si sawa na bila sukari. Ya tunda yenyewe imo.

#16 Zuhura_Mjini

Na mjamzito?

#17 Famasia_Jirani

Aspatemu, sukralosi na asesulfamu-K ndani ya kiwango hazijaonyesha tatizo, isipokuwa mwenye PKU. Sakarini hupita kwenye kondo la nyuma na kwa mtoto hutoka polepole, ndiyo maana wengi hushauri mjamzito aiache. Kwa kuwa mbadala zipo, sioni sababu ya kubishana nayo. Barafu za mtaani kwa mjamzito ndiyo kabisa, na hapo hata maji yenyewe yana walakini.

#18 MpishiWaKeki_Nakuru

Wapishi nao wasikie. Aspatemu haivumilii moto. Keki ikitoka jikoni utamu umepotea, na hakuna kilichobaki cha kuokoa. Unatia kwenye chai iliyokwisha kuipuliwa, si kwenye sufuria inayochemka.

Sukralosi inauzwa kama ya kuokea, lakini taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za chakula, BfR, ilionya 2019 kwamba ikipashwa zaidi ya nyuzi 120 inaweza kuunda michanganyiko yenye klorini isiyofaa. Ndani ya keki maji huzuia joto lisizidi 100 hivi, lakini ganda la juu huvuka. Mandazi kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180 vilevile, ganda ndilo linaloungua. Biskuti nyembamba ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa yote ni ganda.

Na hata ukipata utamu, keki haitakaa kama keki. Sukari hushika unyevu, hupa rangi ya kahawia, husaidia siagi kuumuka. Ukiiondoa gramu 200 na kuweka chembe ya unga mtamu, unapata kitu kigumu, cheupe, kinachokauka kesho yake. Kwa unga gramu 250 wenye sukari 200, shuka hadi 140 na uongeze ndizi mbivu moja iliyopondwa. Hakuna atakayekuuliza. Mandazi ya hamira hayahitaji sukari ndipo yaumuke. Hamira inajipatia chakula kwenye unga wenyewe, ila itachukua muda zaidi.

#19 Mkemia_Morogoro

@MpishiWaKeki_Nakuru sahihi. Asesulfamu-K na sakarini zinavumilia joto, ila ladha...

#20 MpishiWaKeki_Nakuru

Ladha ya msumari. Hapana asante.

#21 Mama_Lishe254

Na zile za "keto" (lishe ya wanga kidogo) zinazokuja na zailitoli, sobitoli, maltitoli na erithritoli? Watu wanazila kama njugu.

#22 KipimoNdichoSumu

Hizo ni sukari-alkoholi, zinahesabiwa kwa gramu si miligramu. Hazifyonzwi vizuri, huvuta maji kwenye utumbo, bakteria wanazichachusha: gesi, msokoto, kuhara. Sobitoli gramu 20 kwa mkupuo zinatosha kuwapeleka wengi chooni. Ulaya chakula chenye zaidi ya 10% ya hizi lazima kiandikwe kwamba kula kwa wingi kunaharisha. Mtoto anayeharisha bila homa, uliza kwanza anatafuna nini na anakunywa dawa gani ya maji, kwa sababu dawa nyingi za maji za watoto zina sobitoli.

Erithritoli hufyonzwa karibu yote, kwa hiyo haiharishi sana, lakini mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic waliihusisha na mshtuko wa moyo na kiharusi, na wakaonyesha kwamba gramu 30 kwenye kinywaji hupandisha kiwango chake kwenye damu hadi kile ambacho maabarani kiliwezesha chembe sahani (zile zinazogandisha damu) kushikana haraka zaidi. Mwili wenyewe hutengeneza erithritoli, kwa hiyo sehemu ya uhusiano ule inaweza kuwa ni ugonjwa ukijitangaza. Lakini mwenye historia ya kuganda damu sioni anachokitafuta humo. Ulaya wameweka kikomo cha 0.5 g kwa kilo: kilo 60, gramu 30 kwa siku.

Na mfuga mbwa: zailitoli gramu 0.1 tu kwa kilo ya mbwa humshusha sukari hadi kuanguka, na 0.5 inaweza kuua ini. Jojo za zailitoli zisikae mezani.

#23 KijanaWaPwani

La mwisho kwangu. Kiosk changu soda za zero zinakaa juani mchana kutwa. Kuna madhara?

#24 Mkemia_Morogoro

Aspatemu hukaa vizuri kwenye uchachu wa pH 4.3 hivi na mahali pa baridi. Joto likipanda inavunjika polepole, sehemu ikigeuka diketopiperazini, ambayo nayo ina kiwango chake, 7.5 mg kwa kilo. Kwa soda moja hufiki huko. Utakachoona ni wateja kulalamika kwamba soda imechuja, na ndiyo sababu tarehe ya mwisho ya zero kwa kawaida ni fupi kuliko ya soda ya sukari. Ihamishie kivulini, agiza kreti chache kwa mara moja, iliyotangulia kuingia iuzwe kwanza. Na usidhani meno ya mteja yamepona kwa kuwa sukari haipo: asidi ni ileile, pH chini ya 3.5, inakwangua enameli kwa kasi ileile. Wanywe na chakula, wasiinyonye kidogokidogo saa nzima.

#25 Mpima_Lebo (mleta uzi)

Nitaongeza jedwali la E-namba na viwango vya watoto wa kilo 10, 15, 20 na 30 kwenye posti ya kwanza. @Fundi_Juisi naomba na kipimo chako cha sukralosi kwa ndoo ya lita 20.

#26 Fundi_Juisi

Kikomo cha Ulaya kwa vinywaji ni 300 mg kwa lita, lakini huhitaji kufika huko. Ni tamu mara 600, kwa hiyo 80 mg inakupa utamu wa sukari gramu 48 kwa lita. Myeyusho ni uleule: gramu 10 hadi lita 1, ml 160 kwa lita 20, na sukari kilo 1 juu yake. Mtoto wa kilo 15 kwa kiwango kikali cha Marekani ni 75 mg, kwa cha JECFA 225. Kikombe cha ml 300 kina 24. Bei yake iko juu ya sakarini lakini bado chini ya sukari, na huna uchungu wa kuuficha kwa ndimu.

Chupa ya myeyusho ikae kwenye friji, na ikibadilika rangi au kuweka utelezi, mwaga.